The Staple Singers: Nyumba Iliyovuka Mpaka kwa Pamoja

Kundi la nyimbo za injili lina njia zake za kufa, na waliozaliwa karibu na kwaya wanazijua. Mwenye sauti inayojaza ukumbi hupata mwaliko wa kuimba peke yake, akaenda. Fedha huanza kuingia, hesabu zake zikazua uhasama. Au vijana hutaka nyimbo za wakati wao, wazee wakakataa, na kila upande ukashika njia yake. The Staple Singers, kundi la baba na watoto wake lililoanza kuimba katika makanisa ya Chicago mwaka 1948, lilipitia majaribu hayo yote. Lilikuwa na Mavis, mwenye sauti ambayo kampuni yoyote ya santuri ingeitamani. Lilipata vibao viwili vilivyoshika namba 1 katika chati ya taifa ya Marekani. Lilitoka katika nyimbo za kanisani likaingia katika nyimbo za haki za kiraia, na kutoka hapo likaingia katika muziki wa soul uliopigwa redioni na kuchezwa katika kumbi za starehe. Hata hivyo halikuvunjika. Lilipungua kwa vifo, kimoja baada ya kingine, kuanzia kifo cha baba mwaka 2000. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba uimara huo haukuwa bahati, wala haukuletwa na upole wa watu wa nyumba moja. Familia hii ndiyo iliyokuwa taasisi yenyewe, yenye mafunzo yake, kanuni zake na kipimo chake cha kuamua lipi liimbwe na lipi liachwe. Kwa kuwa walikwenda na taasisi hiyo kila walikokwenda, waliweza kuvuka mpaka kati ya kanisa na dunia bila kulazimika kuchagua upande mmoja na kuukana mwingine.

Mwanzilishi wake, Roebuck Staples, ambaye dunia ilikuja kumwita Pops, alizaliwa tarehe 28 Desemba 1914 katika jimbo la Mississippi, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 14. Alikulia katika shamba kubwa la pamba la Dockery, ambako maelfu ya wakulima Weusi walilima ardhi isiyokuwa yao na kuishi kwa madeni. Shamba hilo lina nafasi ya pekee katika historia ya muziki, kwa maana hapo ndipo alipoishi na kupiga gitaa Charley Patton, mmoja wa mababa wa blues. Kijana Roebuck alimsikia, akalipenda gitaa, akajifunza kulipiga. Lakini nyumbani kwao walikuwa watu wa kanisa, naye kabla ya kuondoka Mississippi alikuwa akiimba na kundi la injili lililoitwa Golden Trumpets. Kwa hiyo tangu ujana wake vidole vilikuwa vya blues na kinywa kilikuwa cha kanisa. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu wengi waliomlaumu baadaye walidhani kwamba alianza akiwa mtu wa kanisa tu, kisha dunia ikamteka. Ukweli ni kwamba vyote viwili alivipata pamoja, katika ardhi moja, na hata Patton mwenyewe mwaka 1929 alirekodi nyimbo za dini kwa jina la bandia, Elder J. J. Hadley. Mpaka uliotenganisha nyimbo za Jumamosi usiku na za Jumapili asubuhi ulisisitizwa sana kwa maneno, lakini watu waliozipiga waliuvuka kila wiki.

Mwaka 1936 Pops, mkewe Oceola na watoto wao wawili wa kwanza, Cleotha na Pervis, walikuwa wamejiunga na mkondo mkubwa wa Weusi waliokimbia kusini kutafuta kazi na usalama katika miji ya kaskazini. Huko Chicago walizaliwa Yvonne mwaka 1937 na Mavis mwaka 1939. Baba alifanya kazi katika machinjio makubwa ya mji, viwandani na katika ujenzi, na kwa muda mrefu gitaa halikuwa sehemu ya maisha yake. Aliporudi katika muziki aliingia katika kundi la wanaume, Trumpet Jubilees, na hapo ndipo kisa cha kuzaliwa kwa taasisi hii kinapoanza. Wenzake hawakuja mazoezini. Leo wanafika watatu, kesho wawili, na mtu aliyetoka kazini akiwa amechoka anajikuta amekaa na gitaa peke yake. Pops aliliacha kundi, akarudi nyumbani, akawaketisha watoto sakafuni na kumpa kila mmoja sauti yake, akimwonyesha kwa waya wa gitaa noti anayopaswa kuishika. Cleotha, kifungua mimba, alikuwa na miaka 14. Mavis alikuwa hajatimiza 10. Tunaweza kuliona hili kuwa tukio la kifamilia la kupendeza, lakini ndani yake kuna uamuzi wa kitaasisi. Pops alikuwa amegundua kwamba tatizo la kundi la injili si ukosefu wa vipaji bali ukosefu wa mahali pa kuwashikilia watu pamoja. Nyumba yake ilikuwa na mahali hapo tayari: saa za kurudi zinajulikana, chakula kinaliwa pamoja, na neno la baba lina uzito. Alichofanya ni kuingiza muziki ndani ya utaratibu uliokuwapo.

Matunda ya utaratibu huo yanasikika. Katika Uncloudy Day, wimbo wa zamani wa kanisani waliourekodi mwaka 1956 kwa kampuni ya Vee-Jay, gitaa la Pops linatangulia kwa sauti inayotetemeka, kila noti ikipanda na kushuka kama uso wa maji yaliyoguswa na upepo. Kisha sauti za watoto zinaingia kwa pamoja, taratibu, zikivuta neno moja mpaka likawa kama kilio kabla hata maana yake haijafika. Hakuna anayemkimbilia mwenzake. Cleotha anashika juu, Pervis anajaza katikati, na baba, ambaye hakuwa na sauti ya kishindo, anaimba kwa upole kama anayezungumza na mtu aliyekaa karibu. Halafu anaingia Mavis kwa sauti nzito ya chini, ambayo wasikilizaji wa redio hawakuamini kuwa ni ya msichana. Wengi walidhani ni ya mwanamume au ya mama wa makamo. Nafasi hiyo ya kuongoza hakuipata kwa kuigombania. Awali Pervis ndiye aliyeongoza, lakini alipobalehe na sauti yake ikavunjika, baba alimwamuru Mavis aichukue, naye aliichukua kwa kusitasita. Mtu anayetaka kujua familia ilifanya kazi gani ndani ya muziki huu na aanzie hapo. Kundi lilipompoteza mwimbaji wake mkuu kwa sababu ya maumbile, halikutafuta mtu nje, wala Pervis hakufukuzwa. Sauti zilipangwa upya ndani ya nyumba, kila mtu akabaki na nafasi.

Tukiitazama hali ilivyokuwa kwa makundi mengine ya Chicago, tofauti inaonekana wazi. The Soul Stirrers, kundi lililoheshimika kuliko mengi katika nyimbo za injili, lilikuwa na Sam Cooke, kijana aliyekulia katika mitaa ileile ya kusini mwa Chicago kama watoto wa Pops. Cooke alipotaka kuimba nyimbo za mapenzi, ilimbidi aondoke. Mwaka 1957 aliachana na kundi, wapenzi wengi wa injili wakamhesabu kuwa aliyepotea, na kundi likaendelea kwa kumtafuta mwongozaji mwingine. Kila mmoja alipoteza kitu: yeye alipoteza kanisa lililomlea, nalo kanisa likapoteza sauti yake. Utaratibu wa makundi ya wanaume wanne au watano ulikuwa wa namna hiyo, kwamba mtu ni mwanachama na uanachama hukoma. Ndani ya nyumba ya Staples uanachama haukuwa na mwisho wa namna hiyo. Mwana anaweza kuacha kuimba lakini hawezi kuacha kuwa mwana. Ndiyo maana swali la kuvuka mpaka lilipowafikia wao, halikuwa swali la nani aondoke na nani abaki. Lilikuwa swali la nyumba nzima, na nyumba nzima ndiyo iliyolijibu.

Jibu la kwanza lilikuja kupitia siasa, si kupitia biashara. Wakiwa katika safari zao za kuimba, familia ilikwenda kumsikiliza Martin Luther King Jr. akihubiri mjini Montgomery, Alabama. Pops alitoka pale na hoja rahisi aliyowaeleza watoto wake: anachokihubiri mchungaji huyu, sisi tunaweza kukiimba. Toka hapo nyimbo zao zikaanza kutaja mambo ya duniani kwa majina yake. Why? (Am I Treated So Bad) ulitokana na yaliyowapata wanafunzi 9 Weusi wa Little Rock, Arkansas, waliozuiwa mwaka 1957 kuingia katika shule ya wazungu, na King aliupenda hata akawa anauomba. Freedom Highway ulitungwa kwa ajili ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, na mwezi Aprili 1965, wiki chache tu baada ya maandamano hayo, kundi lilirekodi albamu ya jina hilo mbele ya waumini wa kanisa la New Nazareth mjini Chicago. Anayeisikiliza anasikia waumini wakipiga makofi na kuitikia kama wafanyavyo kila Jumapili, huku wimbo wenyewe ukizungumzia barabara kuu ya Alabama. Waumini hawakuhitaji kuelezwa uhusiano. Barabara ya Musa na watu wake ilikuwa mafundisho yao tangu zama za utumwa, na Staples waliwaonyesha kwamba barabara hiyo ilikuwa na lami na polisi wenye virungu.

Hapa ndipo inapojitokeza pingamizi la kwanza na la kale zaidi: kwamba hatimaye waliliacha kanisa wakafuata fedha. Wanaolitoa wana ushahidi. Mwaka 1968 kundi lilijiunga na Stax ya Memphis, kampuni ya muziki wa soul. Mwaka 1971 ukatoka Respect Yourself, uliotungwa na Mack Rice na Luther Ingram, ambao hawakuwa watu wa nyumba hii. Mwaka 1972 ukafuata I'll Take You There, ukashika namba 1, ukawa unapigwa katika kumbi ambazo mchungaji asingependa kuonekana. Baadhi ya makanisa yaliufungia mlango, watu wakasema ni muziki wa shetani. Mjadala wa aina hiyo si mgeni kwetu Afrika Mashariki, ambako bado tunabishana kama wimbo wa injili unaochezeka bado ni wa injili. Lakini tutazame wimbo wenyewe unabeba nini. Mtunzi wake ni Al Bell, kiongozi wa Stax, ambaye alieleza kwamba ulimjia baada ya mazishi ya mdogo wake aliyeuawa kwa risasi. Ni wimbo wa mfiwa anayetamani mahali pasipo machozi wala unafiki kati ya mtu na mtu. Una ubeti mmoja tu wa maneno, na sehemu kubwa iliyobaki ni Mavis akiita na ndugu zake wakiitikia, akiita tena nao wakiitikia tena, mtindo uleule wa ibada ya kanisa la Weusi pale ambapo mhubiri ameacha maandishi na anaongozwa na mkutano. Kilichobadilika ni besi, ambayo mwendo wake ulichukuliwa kutoka wimbo wa Jamaika, The Liquidator wa Harry J All Stars. Kama mwendo wa besi unatosha kuufanya wimbo wa faraja uwe wa shetani, basi itabidi tumfukuze kanisani hata Thomas A. Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili, kwa kuwa kabla ya kuunda kwaya za injili za Chicago katika miaka ya 1930 alikuwa mpiga kinanda wa mwimbaji wa blues Ma Rainey, na ujuzi huo ndio alioupeleka madhabahuni.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na nadhani halijajibiwa ipasavyo na wale wanaolisifu kundi hili kwa maneno ya jumla. Linasema hivi: neno familia lilikuwa la kwenye jalada tu, maana sauti iliyouza santuri za Stax haikutengenezwa na familia. Nyimbo zilitungwa na wengine, Al Bell akazisimamia, na ala zikapigwa na wanamuziki wazungu wa studio ya Muscle Shoals, Alabama, akina David Hood kwenye besi na Roger Hawkins kwenye ngoma. Hata pale katikati ya I'll Take You There ambapo Mavis anasikika akimwita baba yake apige gitaa, vidole vinavyosikika ni vya Eddie Hinton, mpiga gitaa wa studio. Kwa mtu anayetafuta uhalisi, hilo linaonekana kuwa pigo kubwa. Mimi naliona tofauti. Wale wanamuziki hawakuwapa Staples mtindo. Waliusoma mtindo wa Staples na kuujengea chumba kikubwa zaidi. Hinton anapiga kwa uchache, kwa kutua, akiacha nafasi baada ya kila neno, jinsi Pops alivyokuwa akifanya kwa zaidi ya miaka 20, na ndiyo sababu msikilizaji hashtuki Mavis anapomwita baba. Mavis aliita kwa sababu hapo ndipo gitaa la baba lilipokuwa likiingia siku zote. Utaratibu ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hata mgeni alipoketi katika kiti hicho, alipiga kwa adabu ya mwenye kiti. Taasisi hujulikana kwa hilo: kazi yake hutambulika hata inapofanywa na mkono wa mwingine.

Ushahidi mwingine ni jukwaani, ambako hapakuwa na studio ya kuwaficha. Tarehe 6 Machi 1971, Ghana ilipokuwa ikiadhimisha miaka 14 ya uhuru, wanamuziki wa Marekani walikusanyika katika uwanja wa Black Star, Accra, kwa tamasha la Soul to Soul, wakiwamo Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, na kundi la Santana. Staples walipanda jukwaa hilohilo la vishindo wakiwa na yale yale waliyokuwa nayo makanisani: gitaa linalotetemeka, sauti zinazoitikia, na ujumbe unaomtaka msikilizaji ajiheshimu na amheshimu jirani yake. Mwaka uliofuata walifanya vivyo hivyo kwenye Wattstax, tamasha la Agosti 1972 katika uwanja wa Coliseum, Los Angeles, mbele ya watu zaidi ya 100,000, wengi wao wakitoka katika mitaa iliyokumbwa na ghasia za 1965. Kwa watu hao Respect Yourself haukuwa wimbo wa kuchangamsha sherehe pekee. Ulikuwa mahubiri yaliyofika mahali ambapo mimbari haikuwa imefika. Ninapopima kama kundi liliacha kanisa, nauliza lilipeleka nini kwa watu wale, na jibu ni kwamba liliwapelekea kile kile lilichowapelekea waumini wa New Nazareth.

Hata hivyo kuna wimbo mmoja ambao mtetezi wa hoja hii hana haki ya kuukwepa. Mwaka 1975 Curtis Mayfield, ambaye naye alilelewa katika nyimbo za kanisa Chicago, aliwatungia Let's Do It Again kwa ajili ya filamu ya Sidney Poitier yenye jina hilo. Ni wimbo wa mapenzi ya mwili, hauna utata. Pops alikataa kuimba sehemu yake, akisema yeye ni mtu wa kanisa, na ilibidi Mayfield ambembeleze mpaka akakubali. Wimbo ukapanda hadi namba 1, ukawa kibao chao cha pili cha kiwango hicho na cha mwisho. Sitajaribu kuugeuza kuwa wimbo wa injili kwa hila za maelezo. Lakini kisa chake kinaonyesha kwamba kipimo kilikuwapo. Pops alisita kwa sababu alikuwa na desturi ya kujiuliza kama neno hili linaweza kutoka katika kinywa cha mzee mbele ya binti zake, na binti hao wamesimama naye kwenye kipaza sauti kilekile. Kundi lisilo na kipimo halisiti. Na baada ya wimbo huo hawakujenga jina jipya juu yake. Miaka iliyofuata waliendelea kuimba nyimbo za matumaini na mwenendo mwema, hata pale ambapo soko halikuwalipa kama awali. Kosa, kama tunataka kuliita hivyo, lilitendeka ndani ya kanuni inayojulikana, nayo kanuni ikabaki.

Pingamizi la tatu linatazama upande mwingine, nalo linanigusa zaidi kwa sababu linahusu haki ya watoto. Nyumba inayoongozwa na baba huwalinda watu wake, lakini inaweza pia kuwabana. Mavis alikuwa na kipaji cha kusimama peke yake tangu ujana, na alirekodi albamu zake mwenyewe mwaka 1969 na 1970, lakini miaka mingi ya ubora wa sauti yake ilitumika chini ya jina la familia. Yvonne hakupenda sana jukwaa. Alivutiwa na upande wa hesabu na mikataba, lakini kila palipokuwa na pengo aliitwa kuimba. Cleotha alitumia maisha yake akiwa sauti ya juu nyuma ya mdogo wake. Je, si kweli kwamba umoja huu ulinunuliwa kwa nafsi za mabinti? Siwezi kulipuuza swali hilo, na sidhani kwamba linajibiwa kwa kusema kuwa walikuwa na furaha. Linajibiwa kwa kuangalia mlango ulikuwa wazi kiasi gani. Pervis alitoka. Alikuwa mtu wa marafiki kama waimbaji Sam Cooke na Lou Rawls, alitaka njia yake, na karibu na mwaka 1970 aliacha kuimba na kundi, akawasimamia The Emotions, mabinti wa ukoo wa Hutchinson ambao nao walikuwa wametoka katika kundi la injili la baba yao. Hakuhesabiwa msaliti, Yvonne alichukua nafasi yake na kaka akabaki kaka. Aliyeweza kutoka ametuonyesha kwamba waliobaki walibaki kwa hiari. Gharama ilikuwapo, na historia ya heshima haipaswi kuificha, lakini iligharamia kitu kilichokuwa chao wote.

Kwamba kilikuwa chao wote kulithibitika baba alipoondoka. Pops alifariki tarehe 19 Desemba 2000, mwaka mmoja baada ya kundi kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, akiwa na tuzo ya Grammy aliyoipata kwa albamu yake ya blues ya 1994, Father Father, uzeeni kabisa. Kama nguvu ya kundi ingekuwa mamlaka ya mzee huyo tu, ingezikwa naye. Kwa muda ilionekana hivyo: Cleotha alikuwa anaugua maradhi ya kusahau, na Mavis alikuwa hana mkataba na kampuni yoyote. Yvonne, yule asiyependa jukwaa, ndiye aliyemhimiza mdogo wake ainuke na kuendelea. Mavis alitumia fedha zake mwenyewe kurekodi Have a Little Faith, iliyotoka mwaka 2004, na mwaka 2007 akatoa We'll Never Turn Back, albamu ya nyimbo za harakati za haki za kiraia. Mwaka 2011 akapata Grammy yake ya kwanza kwa You Are Not Alone, zaidi ya miaka 60 tangu baba amfundishe sauti yake sakafuni. Mara nyingi jukwaani Yvonne alikuwa nyuma yake akiitikia, mpaka alipofariki mwaka 2018. Cleotha alikuwa ametangulia mwaka 2013, na Pervis akafuata mwaka 2021.

Kuna kazi moja ya miaka hiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi taasisi hii ilivyorithishana. Karibu na mwisho wa maisha yake Pops alirekodi nyimbo ambazo hazikukamilika. Akiwa mgonjwa aliziomba azisikilize, kisha akamkabidhi Mavis na kumwambia asizipoteze. Mavis alizitunza kwa miaka mingi, ndipo akampelekea Jeff Tweedy, mwanamuziki wa Chicago aliyekuwa akisimamia albamu zake. Tweedy aliondoa vikorombwezo vilivyokuwa vimeongezwa, akabakiza gitaa na sauti ya mzee, akaongeza besi na ngoma kidogo, naye mwanawe Tweedy ndiye aliyepiga ngoma. Albamu ilitoka mwaka 2015 kwa jina la Don't Lose This, yaani maneno yale ya mzee kwa binti yake. Katika nyimbo hizo sauti ya Pops imepungua nguvu, lakini namna ya kupanga muziki ni ileile ya 1948: baba anaanza, gitaa linamjibu, na watoto wanaingia pale wanapohitajika, si kabla. Baba na mwana wa ukoo mwingine waliombwa kuikamilisha kazi ya baba na mabinti, nao wakajua la kufanya kwa kuusikiliza utaratibu uliokuwa ndani ya mkanda.

Ndiyo maana naona si sahihi kuiadhimisha The Staple Singers kwa kuhesabu vibao tu, wala kwa kumsifu Mavis kana kwamba wengine walikuwa mapambo. Vibao vilidumu kwenye chati kwa majuma. Utaratibu uliovizaa umedumu zaidi ya miaka 70. Wapo watakaosema kwamba mfano huu hauwezi kuigwa, kwa kuwa si kila nyumba ina watoto wenye sauti na mzazi mwenye gitaa. Ni kweli, na sidhani kwamba undugu wa damu peke yake unatosha, maana zipo familia nyingi zilizoimba pamoja zikagawanyika kwa ugomvi. Kilichowafaa Staples ni mambo ambayo kundi lolote la injili linaweza kuyajenga, liwe la ukoo, la usharika au la mtaa: mazoezi yasiyosubiri hamu, nafasi ya kila sauti hata inapobadilika, mlango ulio wazi kwa anayetaka kuondoka na kurudi, na swali linaloulizwa kabla ya kila wimbo kuhusu nani ataambiwa maneno haya na yatamfaa nini. Makundi yanayojilinda kwa kuukimbia muziki wa dunia mara nyingi huishia kuimbia wale tu waliokwisha kukubali. Staples walijilinda kwa kujua wao ni nani, na kwa sababu hiyo hawakuuogopa ukumbi wowote. Kama kanisa linataka sauti yake isikike nje ya kuta zake, hii ni mojawapo ya historia ambazo lingefaa kuzisoma kwa makini, pamoja na gharama zake.